Nukta za Tansiyo ya Mama

Mama alihamia kwetu Bagira, mjini Bukavu, mwanzoni mwa msimu wa mvua, baada ya kupatwa na kizunguzungu shambani kwake Nyantende akiwa na kikapu cha mihogo mgongoni. Hakuumia. Alikaa chini kwenye tuta, akangoja dunia iache kuzunguka, kisha akainuka na kufikisha kikapu chake nyumbani. Mimi habari hiyo niliipata baada ya siku tatu, tena kwa mtu wa kanisani, kwa sababu mama mwenyewe hakuona kama ni jambo la kusumbulia watu.

Jumamosi nilikwenda kumchukua. Tulipitia kituo cha afya, muuguzi akampima mkono wa kushoto, akaangalia mashine, akampima na wa kulia, kisha akatamka maneno ambayo sidhani kama kuna familia hapa Bukavu haijayasikia:

"Maman iko na tansiyo."

Sisi hatusemi shinikizo la damu. Tunasema mtu ana tansiyo, kana kwamba sisi wengine hatuna kabisa. Na mwaka ule kila jirani aliyekuja kumpa mama pole alikuwa na maelezo yake: ni umri, ni mawazo, ni hii nchi yenyewe inayopandisha damu za watu. Muuguzi hakuingia katika maelezo. Alitoa vidonge, akatoa na masharti.

"Chumvi mupunguze," aliniambia. "Na tansiyo mumupimie ku nyumba kila siku, muandike mu kaye. Muandike na chumvi ile munatia mu chakula. Kisha miezi mbili munarudi, nitaangalia."

Alikuwa amemwambia mtu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwaka wa kumi na sita sasa, katika shule ya sekondari ya wasichana mjini. Mtu akiniambia niandike kila siku, nitaandika kila siku, na safu nitazipiga kwa rula. Nilinunua mashine ndogo ya kupimia, ile ambayo unamfunga mtu kitambaa juu ya kiwiko, unabonyeza, kitambaa kinajaa hewa chenyewe na namba zinatokea kwenye kioo. Nikanunua kaye, yaani daftari, ya kurasa mia. Safu ya kwanza tarehe, ya pili vijiko vya chumvi, ya tatu tansiyo.

Chumvi nilikuwa naitoa mwenyewe asubuhi kabla ya kwenda kazini, kwa kijiko cha chai. Siku za kawaida nusu kijiko kwa chungu kizima, siku za sombe, yaani kisamvu, kijiko kimoja, Jumapili wageni wakija viwili. Tansiyo nilikuwa naipima saa kumi alasiri, mara tu ninaporudi. Lakini Jumanne na Alhamisi nafundisha shule nyingine upande wa pili wa mji, narudi giza likiingia, kwa hiyo siku hizo ilibidi bwana yangu ampime.

Hapo palikuwa na ugumu. Bwana yangu ni fundi wa kushona, cherehani yake iko barazani, kwa hiyo yeye ndiye anayeshinda nyumbani. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Hawakai kiti kimoja, hawaangaliani machoni, hawataniani. Sasa nilikuwa namtaka mwanaume huyo amfunge mama mkwe wake kitambaa kwenye mkono! Wote wawili waliniangalia kana kwamba nimetukana. Mwishowe mama alikubali kwa sharti kwamba mkono utoke peke yake chini ya kitenge, na bwana yangu akakubali kwa sharti kwamba mama asimwambie mtu wa familia yake. Alikuwa anampima saa sita, akiacha cherehani ili ale, na anaandika kwa penseli, kwa sababu penseli ndiyo inayokaa nyuma ya sikio lake siku zote. Mimi nilikuwa naandika kwa biki ya buluu.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, mwezi. Vidonge mama alikuwa anameza mbele yangu. Lakini namba hazikutulia. Siku moja kumi na nne (mashine inaandika 140, sisi tunasema kumi na nne), siku nyingine kumi na sita, siku nyingine karibu kumi na saba. Nilianza kulala vibaya. Nilikuwa nimesoma mambo mengi kuhusu chumvi, na mtu aliyesoma jambo moja sana huliona kila mahali. Nikaanza kuchunguza. Nilionja mchuzi uliobaki. Niliangalia kama samaki sambaza waliokauka wamepungua kwenye mfuko. Siku moja niliona punje nyeupe kwenye ubao wa jikoni, nikazigusa kwa ulimi kama polisi. Ilikuwa unga.

Kesho yake niliweka chumvi ndani ya kabati na kufunga kwa ufunguo.

Mama alingoja mpaka tulipokaa mezani. Akamega bugali, akachovya, akatafuna polepole.

"Mu hii nyumba," alisema, "chumvi iko na funguo, lakini mulango ya inje inashinda wazi."

Bwana yangu aliinamia sahani yake. Mimi nilijifanya sikusikia.

Kipindi hichohicho nilikuwa nafundisha takwimu darasa la tano la sekondari, na nilikuwa nimefikia somo ambalo kwa Kifaransa wanaliita *nuage de points*, wingu la nukta. Ni somo rahisi na zuri. Unachora mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama. Unachukua vitu viwili ambavyo vimepimwa pamoja, kwa mfano urefu wa mtoto na uzito wake. Urefu unausoma kwenye mstari wa kulala, uzito kwenye mstari wa kusimama, na mahali ambapo vinakutana unatia nukta. Mtoto mmoja, nukta moja. Ukimaliza watoto wote, unarudi nyuma hatua moja na kuangalia wingu limekaa vipi. Likipanda kuelekea kulia, vitu hivyo viwili vinakua pamoja. Likishuka, kimoja kinakua kingine kikipungua. Likiwa limetawanyika ovyo, basi kitu hiki hakikuambii lolote kuhusu kile.

Kitabu chetu kilikuwa na mfano wa magari na petroli, na wasichana wangu walikuwa wanasinzia. Nikafikiri, nina kaye nzima ya vipimo vya kweli nyumbani. Nitawachorea chumvi na tansiyo bila kutaja mtu. Wataona wingu linapanda, watalishika somo, na pengine watakwenda kuwaambia mama zao.

Jumamosi asubuhi nilitandika karatasi ya milimetre mezani, ile yenye miraba midogo. Nilichora mistari yangu miwili. Chini nikaandika vijiko vya chumvi, pembeni tansiyo, ile namba ya juu peke yake. Nikafungua kaye ukurasa wa kwanza na kuanza kutia nukta, siku moja baada ya nyingine. Ni kazi inayotuliza. Barazani cherehani ilikuwa inakimbia na kusimama, mama alikuwa uani anaosha vyombo akiimba wimbo wa Kimashi, lugha ya kwetu, na mimi nilikuwa naweka siku zake kwenye karatasi kwa ncha ya biki.

Nilipomaliza, nilirudi nyuma kama ninavyowafundisha wasichana. Wingu halikupanda. Wala halikushuka. Siku za nusu kijiko zilikuwa na nukta za juu na nukta za chini. Siku za kijiko kimoja vilevile. Siku za vijiko viwili, ambazo nilizingoja kwa hamu, zilikuwa chache na hazikuwa juu kuliko nyingine. Ilikuwa kama mtu amepiga chafya na wino mdomoni.

Mwalimu mwema angesema hapo: chumvi hii niliyoipima haielezi kupanda huku, nitafute kitu kingine. Ndivyo ninavyoandika ubaoni. Lakini mimi sikusema hivyo. Nilisema moyoni: kipimo cha chumvi si cha kweli. Mama anakula chumvi nyingine mahali nisipomwona.

Nikatoka uani na karatasi mkononi.

"Maman, unaambiaka mie ukweli. Chumvi, unapataka wapi?"

Alisimama, mikono inadondosha maji. "Chumvi gani?"

"Ile unakula kama siko."

Mama yangu alizaa watoto saba na kuzika wawili, alitulisha kwa jembe, mimi nilisoma kwa viazi vyake. Sikumbuki kama aliwahi kuninyanyulia sauti tangu nilipoolewa, na siku ile pia hakuninyanyulia.

"Miye, mu uzee wangu, niibe chumvi?" alisema. "Na ni karatasi njo imekuambia?"

Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapita mbele yangu. Saa kumi nilipoleta mashine, alikuwa amekaa kitandani na mikono yote miwili ndani ya kitenge.

"Kuanzia leo, hii mukono ni yangu," alisema.

Siku tatu kaye ilikaa tupu. Vidonge alimeza, hilo sitamdhulumu, aliviweka ulimini mbele yangu na kufungua mdomo nione vimekwenda. Salamu alijibu. Lakini nguo zake alizikunja zote na kuzipanga ndani ya mfuko wake, na mfuko akauweka karibu na mlango wa chumba, mahali ambapo kila anayepita lazima auone.

Siku ya nne ilikuwa Jumatano, nimerudi kazini mapema. Bwana yangu alikuwa anakata kitambaa cha sare ya kwaya, akaniita barazani. Mkononi alikuwa na karatasi yangu ya milimetre. Nilikuwa nimeiacha juu ya meza yake siku ile ya ugomvi na sikutaka kuiona tena.

"Hii uko nayo kazi?" aliuliza. "Nataka kukatamo patroni ya mukono ya nguo. Iko na miraba muzuri."

"Kata tu."

Hakukata. Aliigeuza huku na huku. "Lakini hii midoti ni nini?"

Nilimweleza kwa ufupi, bila hamu. Kila doti ni siku moja. Huku chini chumvi, huku pembeni tansiyo. Ikiwa juu, tansiyo ilikuwa juu.

"Kila doti ni siku?"

"Ndiyo."

"Basi ndani muko na siku zangu."

"Za kwako ziko."

Alifurahi. Sikutegemea. Bwana yangu aliacha shule darasa la sita la msingi, na nadhani ilimpendeza kwamba kazi yake ndogo ya saa sita ilikuwa imeingia katika hesabu za mke wake. Alitaka kuziona. Akaleta kaye, akatafuta siku zilizoandikwa kwa penseli, na kila alipopata moja aliniuliza iko wapi kwenye karatasi, nami nikamwonyesha kwa kidole. Akachukua chaki yake ya kushonea, ile bapa ya rangi ya waridi, akaizungushia nukta hiyo duara. Alifanya hivyo bila haraka, kama anavyoweka alama za vifungo. "Hii, siku ile mvua ilikatala watu kutoka." "Hii, nilikuwa nashona kanzu ya padiri." Mimi nilikuwa namjibu huku nikifikiria mfuko ulio mlangoni.

Baada ya maduara kumi hivi niliacha kuufikiria mfuko.

Maduara yake yote yalikuwa chini. Nusu kijiko, chini. Kijiko kimoja, chini. Yalikuwa yamejipanga katika ukanda mmoja mwembamba, kama pindo la sketi. Juu ya ukanda huo zilibaki nukta zisizo na duara, za biki ya buluu, za kwangu. Hazikuwa wingu moja. Zilikuwa mawingu mawili, moja juu ya jingine, na mimi nilikuwa nimeyachora yote kwa rangi moja na kuyaona kama fujo.

"Za kwangu ni muzuri kushinda za kwako," bwana yangu alisema. Alikuwa hajaelewa bado. Kisha aliniangalia usoni, akaweka chaki chini.

Nilitafuta pa kutokea. Ni tabia ya watu wa hesabu, hatukubali upesi. Nikasema ni saa. Yeye anapima saa sita, mchana mwili umetulia. Mimi napima saa kumi, mama ameshachoka. Ni saa ndiyo inayotenganisha nukta, si mtu.

"Pengine," alisema. "Basi tubadilishe. Weye saa sita, miye saa kumi. Tutaona."

Lilikuwa jibu ambalo ningelitaka kwa mwanafunzi wangu bora kabisa, na nililipata kwa fundi mwenye sindano kwenye kola. Lakini ili kubadilisha saa tulihitaji mkono wa mama, na mkono wa mama ulikuwa ndani ya kitenge.

Nikamfuata chumbani. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda anashona kifungo cha koti lake. Nikakaa chini sakafuni, nikamtandikia karatasi kwenye magoti. Mama alisoma miaka minne tu, lakini ramani ya shamba anaijua, na karatasi hii aliisoma upesi kuliko wengi wa wasichana wangu.

"Hizi za chini ni siku bwana yangu alikupima," nikamwambia.

"Na hizi za juu?"

"Ni zangu."

Nilikuwa namngoja acheke, au aseme niliyostahili kuambiwa. Alipitisha kidole juu ya nukta za buluu, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "weye unanipimaka sawa vile unasahihisha mutihani. Unaingia, haujavua hata viatu, unauliza nimekula nini. Kitambaa ikianza kunibana, naangalia uso yako, naona nitapata zero. Moyo inaanza kukimbia. Na miye najua kama inakimbia, basi inazidi."

"Na yeye?"

"Yeye haniangalie. Anaona haya. Anaangalia mulango, anaongea na mulango. Anaelezea mulango habari ya nguo za batu. Miye nasikiliza, na mashine inamaliza."

Hapo mimi ndiye niliyecheka, na kucheka kwangu kukageuka haraka kuwa kitu kingine, nikaficha uso kwenye magoti yake. Nilimwomba radhi kwa ajili ya chumvi. Nilimwomba kwa neno la Kimashi, kwa sababu kwa Kifaransa au Kiswahili lingekuwa jepesi. Nikampa ufunguo wa kabati. Aliukataa.

"Mie nitafanyia funguo nini? Weka tu chumvi fasi ya chumvi, pale ilikuwaka."

Ilikuwa karibu na likizo ya Pasaka, kwa hiyo niliweza kukaa nyumbani mchana. Wiki mbili tulipima kwa saa zilizobadilishwa, kwa rangi mbili tangu mwanzo. Nilitamani sana ukweli uwe saa, na ukweli haukuwa saa. Nukta za bwana yangu, hata zilipohamia saa kumi, zilikaa chini. Zangu za saa sita zilishuka kidogo, labda kwa sababu nilikuwa sitoki barabarani na hasira za usafiri, lakini bado zilikaa juu ya zake.

Baada ya hapo nilianza kujifunza upya kumpima mama yangu. Najua linachekesha. Nilikuwa narudi, navua viatu, nanywa chai pamoja naye. Tunaongea habari za watu, nani amezaa, nani amehamia Kamanyola kulima mpunga, padiri mpya anavyoimba puani. Kisha nafunga kitambaa na kuangalia dirisha. Wiki ya kwanza haikusaidia kitu. Mama aliniambia kwamba hata nikiangalia dirisha, mgongo wangu unauliza maswali. Wiki ya pili nukta za buluu zilianza kuteremka, si zote, na si kwa mstari ulionyooka. Siku moja moja ilirukia juu. Moja naikumbuka: ilikuwa siku alipoletewa habari kwamba mvua imebeba matuta yake mawili ya viazi. Siku ile bwana yangu pia alimpima, ikawa juu vilevile. Ile ilikuwa tansiyo ya kweli, haikuwa ya mtu anayepima.

Miezi miwili ilipotimia nilimpelekea muuguzi kaye na karatasi zote mbili. Alizitazama kwa muda mrefu. Alimwacha mama akae kwanza kwenye kiti, akampigia hadithi za watoto wake, ndipo akampima.

"Kama mungeleta tu namba za biki, ningeongeza dawa," alisema.

Aliacha dawa ileile. Alisema tansiyo bado iko juu kidogo ya kiwango anachokitaka, vidonge viendelee, na chumvi ibaki kidogo vilevile. Nilimuuliza kwa nini, wakati wingu halikuonyesha uhusiano wowote. Ilikuwa zamu yangu kufundishwa. Alisema mimi nilipima kutoka nusu kijiko mpaka viwili tu, chungu kimoja kwa watu watatu, na chumvi haifanyi kazi ya siku moja, inafanya ya miezi na miaka. Karatasi yangu haikusema chumvi haina hatia. Ilisema tu kwamba kwa njia niliyoipima, isingeweza kuonekana. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Kuna maswali ambayo karatasi haiwezi kuyajibu kwa sababu muulizaji ameyauliza vibaya.

Darasani nilichelewa kuwarudishia wasichana somo lao. Nilimwomba mama ruhusa kwanza. Alifikiri, akasema: "Wachoree, lakini usiandike jina yangu. Na useme mukwe wangu alifanya kazi muzuri."

Nilichora wingu ubaoni kwa chaki nyeupe peke yake, nikawauliza wanaona nini. Hakuna aliyeona kitu. Kisha nikazizungushia duara nukta za mtu wa kwanza kati ya wawili waliopima. Darasa zima likafanya "aaa", sauti ambayo mwalimu wa hesabu haisikii mara nyingi.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Madame, njo kusema ule mutu wa pili iko mubaya?"

"Wingu halisemi hivyo," nikamjibu. "Linasema tu kwamba akiwepo yeye, namba iko juu. Sababu haiandikwi kwenye nukta. Sababu unakwenda kuwauliza watu."

"Baliuliza?"

"Waliuliza."

Nikawaeleza habari za mkwe anayeongea na mlango. Walicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akagonga ukuta. Huyo wa pili ni nani, hawakuuliza kwa sauti, nami sikusema. Lakini walikuwa wamepokea kwangu mitihani iliyosahihishwa kwa miaka mitatu, na nilipogeuka kufuta ubao nilisikia mnong'ono nyuma yangu.

Mama alirudi Nyantende mwanzoni mwa msimu uliofuata. Hatukugombana. Alisema tu kwamba ardhi haingoji, na mashine alikwenda nayo. Anajipima mwenyewe sasa, na kila mwezi anapita kituo cha afya cha kule kwake. Mimi namtembelea Jumamosi kwa Jumamosi, kama barabara inaruhusu. Simuulizi namba. Akitaka ananiambia, mara nyingi hataki.

Jumamosi iliyopita nilimkuta tayari yuko kwenye migomba, anakata majani makavu. Alinipa panga lililobaki, akanionyesha mstari wangu, akaenda kwenye wake. Nilikuwa sijashika panga kwa miaka. Mpaka saa tano viganja vilikuwa vimeota malengelenge na yeye ameshanipita kwa migomba sita. Mvua ilipoanza tulikimbilia kwa jirani, tukasimama chini ya mabati tumelowa, na mama akaanza kumweleza jirani, kwa sauti ya kunisikilizisha, jinsi watoto waliosoma wanavyokata mgomba.